Mwizi Hali Televisheni

Mwizi aliyebeba televisheni yako saa tisa za usiku hakwenda nayo kwake kutazama taarifa ya habari. Ameibeba kwa sababu anajua kabla ya saa nne asubuhi atampata mtu wa kumpa laki moja na nusu bila kumuuliza swali hata moja. Mtu huyo ana fremu au ana meza, ana wateja, na mara nyingi ana heshima zake mtaani. Wateja wake ni sisi.

Tunaanza na hilo kwa sababu msimu umefika. Desemba ikiingia mabasi ya Moshi yanajaa, Wachaga wanakwenda "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, na nyumba nyingi za Kimara, Mbezi na Tegeta zinabaki na taa moja ya kibarazani inayowaka usiku na mchana. Taa inayowaka saa sita mchana haimtishi mtu. Inatangaza kwamba wenyewe hawapo. Kisha yanakuja mawaidha ya kila mwaka: funga milango, nunua kufuli imara, usianike safari yako kwenye status ya WhatsApp, acha funguo kwa mtu unayemwamini. Ni mawaidha mazuri na hatuyapingi. Lakini tumeyarudia miaka nenda rudi, na katika miaka hiyo hiyo kuta zetu zimepanda, nondo zimeongezeka, kufuli zimenenepa, na wizi wa majumbani bado upo. Ni haki kuuliza fedha yote hiyo imenunua nini.

Pita Goba, Madale au Kigamboni. Mtu anaanza kuinua ukuta kabla hajapaua nyumba. Juu ya ukuta anapachika vipande vya chupa, baadaye anaongeza waya wa miiba, na akijaliwa zaidi anaweka fensi ya umeme. Madirishani grili, mlangoni grili, na nyuma ya grili mlango wa mninga wenye vitasa vitatu. Ukimuuliza atakwambia sasa analala vizuri. Huenda. Ila ukuta mrefu una kazi mbili, na ya pili haisemwi: unamzuia mwizi asiingie, na akishaingia unamficha. Jirani hamwoni. Vijana wa ulinzi wanaopita nje na filimbi hawamwoni. Anaweza kukata nondo kwa nafasi yake, akapumzika, akaendelea.

Wazee wa mwambao walijenga kwa hesabu nyingine. Ukitembea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Lamu, utakuta milango mizito ya mbao iliyopigwa misumari ya shaba, na madirisha ya chini yenye fito. Hawakuwa wajinga wa kuacha wazi. Lakini nje ya mlango kuna baraza, na barazani kuna watu: huyu anacheza bao, yule anakunywa kahawa, mwingine anasubiri adhana. Mgeni hapiti kichochoro hicho bila kusalimiwa, na akisalimiwa amekwisha kuonekana. Hatusemi kwamba Unguja haikuwa na wezi. Tunasema mlango wa kule ulikuwa na macho nje yake. Sisi tumejenga nyumba ambazo macho yote yako ndani, yamelala.

Wapo waliowauliza wezi wenyewe. Huko Marekani, watafiti Richard Wright na Scott Decker walizungumza na wavunja nyumba 105 wa mji wa St. Louis waliokuwa bado wanaifanya kazi hiyo, na kitabu chao kikatoka mwaka 1994. Jambo lililowahangaisha sana watu wale ni kama ndani kuna mtu. Nyumba yenye mtu waliipita, nyumba tupu waliitafuta. Wakishaingia, wengi walikwenda moja kwa moja chumbani kwa wenye nyumba, kwa kuwa ndiko watu wanakoficha fedha na dhahabu. St. Louis si Mbagala. Hata hivyo mama yeyote wa Mbagala anayeweka mkufu wake kwenye sanduku juu ya kabati ataitambua habari hiyo. Kwetu pia mwizi anazijua saa za nyumba tupu: kati ya saa nne na saa saba mchana, mzee yuko kazini, watoto wako shule, dada wa kazi ametumwa sokoni.

Tukiwa hapo kwa dada wa kazi, tuseme wazi. Kikipotea kitu, yeye ndiye wa kwanza kupekuliwa begi, na mara nyingine anapigwa kabla polisi hawajaitwa. Wapo waliokula njama na wezi, hilo halifichiki. Lakini orodha ya watu wanaoijua ramani ya nyumba yako ni ndefu: fundi aliyepachika grili, dalali aliyekuletea wapangaji, mpangaji aliyehama mwaka juzi na ufunguo mfukoni, mwanao anayeleta marafiki. Ni wapangaji wangapi wamewahi kubadili kitasa siku ya kuhamia? Kitasa kipya ni bei ya chakula cha jioni cha familia, na bado tunakaa miaka mitatu kwenye nyumba ambayo hatujui ina funguo ngapi mjini.

Grili zina deni jingine, na ni zito. Nchini Kenya, Machi 1998 wasichana 26 waliteketea bwenini katika shule ya Bombolulu, Kwale. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika shule ya Kyanguli, Machakos. Kote kuwili madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Vyuma vilivyowekwa kumzuia wa nje viliwazuia wa ndani. Kenya ikatoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, unaotaka madirisha ya mabweni yasiwe na grili na milango ifunguke kwa nje. Hayo ni mabweni, ambako angalau mkaguzi anaweza kufika. Nyumbani kwako hakuna mkaguzi. Hitilafu ya umeme ikiwasha pazia la sebuleni usiku, na mlango wa mbele uko upande huo wa moto, watoto wa chumba cha nyuma watatokea wapi?

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza chuma, mwite fundi wa kuchomea afungue grili ya dirisha moja katika kila upande wa vyumba vya kulala na kuitia bawaba na kufuli ya ndani. Ufunguo utundikwe ndani, pale mkono wa mtoto unapofika na mkono wa mtu wa nje haufiki, na kila anayelala humo aujue, mgeni wa siku mbili naye. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, ya polisi ni 112. Ziandikwe ukutani, kwa sababu kwenye hofu watu husahau hata majina ya watoto wao.

Wengine wameacha chuma wakaenda kwa mganga. Nyumba inazindikwa, kitu kinafukiwa kizingitini, na mwenye nyumba anaambiwa mwizi atakayeingia atazunguka humo mpaka asubuhi. Hatutabishana na imani ya mtu. Tunagusa tu hadithi moja iliyokomaa mjini: kwamba wezi hupuliza dawa ya usingizi dirishani na familia nzima inazimia. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kimewahi kuulizwa jambo kama hilo kuhusu magari ya kulala watalii, kikajibu kwamba haiwezekani kumpoteza mtu fahamu kwa kupuliza etha, klorofomu au dawa nyingine za namna hiyo dirishani bila yeye kujua, hata akiwa usingizini. Daktari wa usingizi hospitalini anahitaji mitambo, vipimo na miaka ya shule kumlaza mgonjwa mmoja. Kibaka mwenye chupa hana uwezo huo.

Hadithi hiyo ina faida kwa kila mtu, ndiyo maana haifi. Mlinzi aliyesinzia anaokolewa nayo. Mwenye nyumba aliyelala fofofo baada ya sherehe anaokolewa nayo. Hakuna anayeulizwa kwa nini simu ilikuwa inachajiwa kwenye kizingiti cha dirisha, na wavu wa mbu umekatwa kwa wembe, na suruali yenye pochi imevutwa kwa mti mrefu wenye kulabu. Hiyo ndiyo dawa ya usingizi ya Dar es Salaam: mti mrefu na dirisha lililo wazi kwa sababu ya joto.

Sasa turudi kwa mnunuzi, maana yeye ndiye asiyetajwa kwenye mawaidha.

Jiulize inavyokwenda. Kioo cha pembeni cha gari kinang'olewa Sinza Jumatatu usiku. Jumanne mwenye gari anaingia kwenye maduka ya vipuri kutafuta kingine, na mara anaambiwa asubiri kidogo, kijana atakileta. Kuna madereva wanaoapa kwamba wameuziwa vioo vyao wenyewe. Ndiyo maana leo magari mengi ya mjini yamechorwa namba zao kwenye kila kioo, na hata kwenye taa. Ni hatua ya busara na tunaisifu, lakini tazama inasema nini kuhusu sisi: tumekubali kwamba soko la mali ya wizi lipo, linajulikana lilipo, linafungua saa mbili asubuhi na kufunga jioni, na wajibu wetu ni kuchora tu mali zetu ili lisizipende.

Ng'ombe wa Shinyanga amepata bahati kuliko jokofu la Tabata. Ana alama ya mwenyewe mwilini, na tangu mwaka 2010 Tanzania ina sheria maalumu ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Wasukuma na Wanyamwezi walipochoshwa na wizi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliunda sungusungu, na Bunge likalitambua jeshi hilo la jadi kwa sheria ya mwaka 1989. Sungusungu lilikuwa na makosa yake makubwa, na watu waliumia kwa tuhuma za mdomo tu. Lakini walielewa kitu kimoja ambacho mjini hatujakielewa: ng'ombe wa wizi lazima apite mahali, lazima aonekane na mtu, lazima anunuliwe. Walifuata nyayo mpaka zizi alimoingizwa, na mwenye zizi akajibu.

Sheria zetu hazimwachi mnunuzi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa mvunja nyumba kifungo cha hadi miaka 14, na akivunja usiku hadi miaka 20. Kanuni hiyo hiyo inamtambua pia anayepokea mali ya wizi, na haimtaki awe ameshuhudia wizi wenyewe. Inatosha kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kuwa mali ile imeibwa. Kenya inampa mpokeaji hadi miaka 14. Laptopu ya milioni mbili ikiuzwa kwa laki mbili kwenye mfuko wa plastiki, bila chaja, na muuzaji haijui namba ya siri ya kuifungua, sababu ya kuamini unayo mkononi. Tatizo ni kwamba tunaiita "bahati". Tunapigiana simu kuambizana kuna mzigo wa bei poa. Hata watu wazima wenye vyeo ofisini, wanaolalamikia vibaka kwenye vikao vya mtaa, wana simu ambayo hawataki kuulizwa waliinunua wapi.

Je, soko hilo linaweza kubanwa? Linaweza, na mfano uko jirani. Januari 2022 Kenya nzima iliingia gizani baada ya minara ya umeme kuanguka, na lawama zikawaangukia wanaong'oa vyuma vya minara. Rais Uhuru Kenyatta hakuamuru kila mnara uwekewe ukuta. Siku chache baadaye alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, mpaka Mei mwaka ule iliporudishwa kwa masharti makali zaidi. Watu wengi waaminifu wa mizani na mikokoteni walikosa kula miezi ile, na hatudhani kufunga biashara nzima ni njia nzuri ya kawaida. Lakini mantiki yake ni sahihi: kata mnunuzi, chuma kitabaki mahali pake. Uingereza nayo, ilipochoshwa na wezi wa nyaya za reli, ilikataza mwaka 2012 kununua chuma chakavu kwa fedha taslimu. Ulipe kwa benki, jina libaki. Hapa kwetu mita za maji za DAWASA na alama za barabarani zinaishia kwenye mizani hizo hizo, na mwenye mizani analipa noti mkononi.

Tunapendekeza kitu kidogo kuliko cha Kenya. Kila halmashauri iweke sharti moja kwenye leseni ya anayeuza vifaa vya umeme vilivyotumika, simu za mkononi za mtumba, vipuri vya gari vilivyotumika na vyuma chakavu: awe na daftari. Anayemletea bidhaa aandikwe jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, na bidhaa iandikwe namba yake ya kiwandani kama inayo. Na malipo yafanywe kwa simu, si kwa noti. Hilo la mwisho miaka 20 iliyopita lingekuwa ndoto. Leo hata muuza mchicha anapokea M-Pesa, na tangu Januari 2020 laini ya Tanzania isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa. Mwizi anayelazimika kupokea fedha kwenye laini yenye kidole chake atafikiri mara mbili. Atatafuta laini ya mtu mwingine, tunajua, na huyo mtu mwingine naye ana jina.

Litaulizwa swali la haki: vipi mama anayeuza jokofu lake apate fedha ya hospitali, risiti ameipoteza miaka mingi? Hatuombi risiti. Tunaomba jina. Mama huyo hana cha kuficha na atauza kwa dakika tano zaidi. Na vipi polisi watakaoligeuza daftari kuwa mradi wa kukusanya chai kila Ijumaa? Hofu hiyo ni ya kweli kuliko ile ya kwanza, na hatutaidharau. Daftari likaguliwe na ofisa biashara wa halmashauri kwa ratiba inayojulikana, na polisi walione pale tu penye RB, yaani taarifa iliyoandikishwa kituoni, ya mali iliyoibwa. Mfanyabiashara aliyeandika vizuri aachwe afanye kazi yake. Wengi wao ni watu wa halali wanaochafuliwa na wachache, na wanajua hao wachache ni akina nani.

Kwenye simu kazi imeshaanza, ila sisi wenyewe hatuitumii. Kila simu ina namba yake ya IMEI, yenye tarakimu 15, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ina mfumo wa kuzifungia mitandaoni simu zilizoibwa. Mfumo huo ndio uliozima simu bandia Juni 2016, wote tunaikumbuka kelele yake. Mtu akiibiwa akachukua RB polisi na kuipeleka kwa mtandao wake wa simu pamoja na namba hiyo, simu yake inaweza kufungwa isishike mtandao wowote nchini. Tunaoibiwa wengi hatufanyi hivyo. Hatuna namba, tuliitupa na boksi. Au tunaona foleni ya kituoni ni ndefu kuliko thamani ya simu. Au tunasema ndiyo imeshakwenda, Mungu atatoa nyingine. Kila simu isiyoripotiwa inabaki hai sokoni na bei yake inabaki nzuri. Ndiyo, kuna mafundi wanaoziflashi na kuzibadili namba. Hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na polisi wakitaka kuwajua hawahitaji mpelelezi kutoka ng'ambo.

Na simu siku hizi si simu tu. Ndiyo benki, ndiyo mkopo. Weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini peke yake, maana mwizi huitoa laini akaitia kwenye simu nyingine na kuanza kuomba namba za siri zitumwe upya.

Kuna njia moja ya kujilinda ambayo hatutaiita ulinzi. Kila mwaka ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zinataja watu waliouawa na makundi yenye hasira, na kuna miaka idadi imehesabiwa kwa mamia. Kelele ya "mwizi!" inapigwa, tairi linatafutwa, na asubuhi inajulikana kwamba marehemu alikuwa mgonjwa wa akili, au mgeni aliyepotea njia, au kweli alikuwa kibaka wa kuku. Hakuna kati ya hao aliyehukumiwa kufa na mahakama yoyote. Anayeona damu hiyo ni fundisho kwa wengine aikumbuke jioni ya Januari 2, 2015, Dar es Salaam ilipokimbia nzima: maduka yalifungwa, watu waliruka kutoka kwenye daladala, kwa habari kwamba Panya Road, kundi la vijana wahalifu, wamevamia. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba vijana wale walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi. Kundi halikuogopa kifo chake. Lilitoka nacho barabarani.

Panya Road walirudi mwaka 2022. Septemba mwaka ule walivamia nyumba Kawe na mwanafunzi wa chuo akauawa. Mkoa mzima ukaamka, ulinzi shirikishi ukahimizwa upya kila mtaa, vijana wakapewa marungu na filimbi. Tunauliza leo: katika mtaa wako, wangapi bado wanalinda? Mara nyingi inakuwa hivi. Tukio linatokea, kikao kinafurika, mchango unapangwa, miezi mitatu ya kwanza kila kaya inatoa. Mwezi wa nne mtu anauliza fedha iko wapi na hakuna jibu. Wa tano nusu hawatoi. Wa sita vijana wanaondoka, na wawili kati yao sasa wanazijua nyumba zote zenye televisheni kubwa.

Ulinzi shirikishi si wazo baya. Umekuwa ukihubiriwa tangu Said Mwema aliposhika ukuu wa polisi mwaka 2006 na kuleta Polisi Jamii, na palipo na uongozi wa mtaa unaoaminika unafanya kazi. Unakufa kwa sababu ya hesabu. Mwenyekiti wa mtaa abandike mapato na matumizi ya ulinzi kwenye mlango wa ofisi kila mwisho wa mwezi: waliotoa, wasiotoa, walinzi ni akina nani, wamelipwa kiasi gani. Karatasi moja. Asiyeweza karatasi moja asikusanye hata shilingi mia. Na walinzi wawe na majina polisi kata, wapimwe tabia kabla ya kupewa rungu, wasiokotwe kijiweni kwa kuwa wana miili.

Daftari la wakazi nalo lirudi kuwa daftari. Zamani balozi wa nyumba kumi alimjua kila aliyelala kwenye nyumba zake, na wengi hawakumpenda kwa sababu hiyo hiyo. Alichanganya ulinzi na siasa za chama, na mfumo wa vyama vingi ulipokuja mwaka 1992 akabaki mtu wa chama. Kenya ililichukua jina lile lile la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, na huko pia mafanikio yamekuwa ya mtaa hadi mtaa. Hatutaki balozi wa kuchungulia vyungu. Tunataka mwenye nyumba ampeleke mpangaji wake kwa mtendaji siku anapohamia, jambo ambalo utaratibu unalitaka tayari, na wenye nyumba wengi wanalikwepa kwa kuogopa kodi ya pango kujulikana. Huo ndio ukweli wake. Tunamficha mpangaji ili tufiche kodi, kisha tunashangaa hatujui nani anaishi ukuta wa pili.

Kwa halmashauri zote za jiji, na kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ombi letu ni moja: leteni sharti la daftari na malipo ya simu kwa wauza mitumba ya vifaa kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa. Halihitaji bajeti mpya wala magari mapya.

Na wewe msomaji, leo kabla hujalala, bonyeza *#06# kwenye simu yako na uiandike namba itakayotokea mahali pengine, si ndani ya simu hiyo. Piga picha namba za kiwandani nyuma ya televisheni na jokofu, umtumie ndugu yako aliye mbali. Mpe jirani wa kulia na wa kushoto namba yako, uchukue zao, uwaambie siku unayosafiri na siku ya kurudi. Atakayekuletea mzigo wa bei ya kutupa, mwombe jina na kitambulisho, umlipe kwa simu. Akikataa, usinunue.